Kusafiri nje ya nchi na watoto wakati wa kanuni za afya za janga: mwongozo kamili wa nyaraka, hatua kwa hatua

Familia nyingi zinazozuiwa kwenye kaunta ya ndege hazizuiwi kwa sababu mtoto ni mgonjwa au hakuchanjwa. Huzuiwa kwa sababu jina kwenye cheti cha mtoto halilingani na pasipoti, au saa za kipimo zimepita kidogo tu, au mzazi aliamini kwamba cheti chake kinambeba na mtoto. Hakimbebi. Kwenye nyaraka za afya kila mtoto ni abiria kamili, hata yule anayenyonya na asiye na kiti chake.

Mifano mingi hapa chini inatokana na kanuni za UVIKO-19, kwa sababu ndizo zilizogusa watoto wengi zaidi. Vyeti vya homa ya manjano na polio vinaendelea kudaiwa hadi leo, na mlipuko mwingine ukitangazwa, hatua zitakuwa hizi hizi. Kinachobadilika ni umri, siku na saa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa kila mtoto, peke yake:

- Pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kuisha. Nchi nyingi hutaka ibakize miezi 6. Pasipoti za watoto aghalabu hudumu muda mfupi kuliko za watu wazima, kwa hiyo usikisie kwa kuangalia yako.
- Cheti cha kuzaliwa, pamoja na nakala iliyothibitishwa.
- Kadi ya kliniki yenye chanjo zake zote za utotoni.
- Cheti cha Kimataifa cha Chanjo, maarufu kama kadi ya njano, ikiwa njia ya safari inakihitaji.
- Cheti cha chanjo au cha kupona ugonjwa unaohusika, chenye msimbo wa QR kama mfumo unautoa.
- Barua ya daktari, kama kuna chanjo ambayo hawezi kuipata au dawa anazotumia.

Kwa familia nzima: barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, bima inayotaja majina ya watoto, anwani ya barua pepe inayofunguka kwenye simu utakayobeba, chaja ya akiba, na folda zenye mifuko ya plastiki. Chagua folda za rangi tofauti, moja kwa kila mtoto. Ukiwa na watoto watatu na foleni nyuma yako, rangi itakuokoa.

Anza wiki 8 kabla ya safari. Wiki 8 ni nyingi ukiangalia fomu, ila chanjo zenye dozi mbili na pasipoti yenye kosa la herufi huzimaliza zote.

## Hatua ya 1: Andika njia nzima, si mwanzo na mwisho

Chukua karatasi uandike kila uwanja wa ndege mtakaoupitia, saa ya kutua, saa ya kuondoka, na kama mtabaki eneo la abiria wa kimataifa au mtaingia nchini. Andika pia kama tiketi ni moja au zimenunuliwa mbalimbali.

Sababu ni hii: ukiwa na tiketi mbili zisizounganishwa, mara nyingi utalazimika kutoka nje kuchukua mizigo na kuisajili upya. Hapo umeingia nchini. Kanuni za nchi hiyo zinakuhusu wewe na watoto wako, hata kama mnakaa saa 3 tu.

Kwa homa ya manjano, muda wa kusubiri una uzito wake. Nchi kadhaa hudai cheti kwa msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, ingawa hakutoka nje. Ndege ikichelewa, saa 9 za kusubiri hugeuka 13, na familia iliyodhani haihitaji kadi ya njano inajikuta inaihitaji. Ikiwa muda wenu wa kusubiri unakaribia 12, ihesabu kana kwamba umeshazidi.

Hatua hii imekamilika pale ambapo kila nchi mtakayoigusa, kwenda na kurudi, ina mstari wake kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Tafuta umri unaotajwa, kisha hesabu umri wa mtoto kwa kila tarehe

Hakuna umri mmoja wa dunia nzima. Wakati wa UVIKO-19, Marekani ilidai kipimo kuanzia miaka 2. Kanada ilianzia miaka 5. Baraza la Umoja wa Ulaya lilipendekeza watoto walio chini ya miaka 12 wasipimwe kwa ajili ya safari. Mtoto mmoja mwenye miaka 4 angeweza kuhitaji kipimo kwenye nchi moja ya safari hiyo hiyo na asikihitaji kwenye nyingine. Kwa homa ya manjano ni vilevile: baadhi ya nchi hudai cheti kuanzia miezi 9, nyingine kuanzia mwaka 1.

Kwa hiyo chora jedwali. Majina ya watoto yakae upande wa kushoto. Juu ziwe tarehe za kuingia kila nchi, pamoja na tarehe ya kurudi. Katika kila chumba jaza umri wa mtoto siku hiyo, si umri wake leo.

Kosa linalojirudia ni la mtoto anayetimiza umri akiwa safarini. Anaondoka akiwa na mwaka 1 na miezi 11, hakuna anayemuuliza chochote, kisha wiki tatu baadaye anarudi akiwa na miaka 2 na hana kipimo. Kama siku ya kuzaliwa inaangukia ndani ya safari, au ndani ya siku 7 kabla au baada yake, andaa nyaraka za umri wa juu.

Kuna chanzo kipi cha kuaminiwa? Angalia kwa mpangilio huu: ukurasa wa wizara ya afya au uhamiaji wa nchi unayokwenda, kisha ubalozi wake, kisha shirika la ndege. Mhudumu wa kaunta mwenyewe kwa kawaida husoma mfumo unaoitwa Timatic, ambao ni hazina ya kanuni za safari inayotumiwa na mashirika ya ndege. Baadhi ya mashirika huuweka wazi kwenye tovuti zao. Kama wizara na Timatic zinatofautiana, timiza ile iliyo kali zaidi, maana mtu wa kwanza kukuzuia si wizara.

Hifadhi kurasa hizo kama PDF siku unayozisoma, uzichapishe, tarehe ionekane. Picha iliyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp si ushahidi wa kitu chochote. Rudia kuangalia siku 7 na siku 2 kabla ya kuondoka.

## Hatua ya 3: Sawazisha majina

Hapa ndipo watu hupoteza safari.

Fungua pasipoti ya mtoto kwenye ukurasa wa picha. Chini kuna mistari miwili ya herufi kubwa na alama nyingi za mshale. Hiyo ndiyo mistari ambayo mashine husoma, na majina yaliyoandikwa hapo ndiyo kipimo cha karatasi nyingine zote: tiketi, cheti cha chanjo, majibu ya maabara, fomu za mtandaoni, bima.

Sasa linganisha. Angalia haya:

Jina la kliniki. Mtoto mchanga mara nyingi huandikwa kwa jina la mama, au "mtoto wa fulani", kabla hajapewa jina. Kadi hiyo ni halali kwa muuguzi anayemfahamu, lakini kwa ofisa wa mpakani ni kadi ya mtu mwingine. Irudishe kliniki iliyoitoa, ukiwa na cheti cha kuzaliwa, uombe kadi mpya au barua rasmi yenye mhuri inayounganisha majina mawili.

Majina matatu dhidi ya mawili. Pasipoti ina jina la mtoto, la baba na la babu. Cheti kina mawili. Mifumo mingi ya msimbo wa QR haitaki kusikia maelezo. Andika yote matatu kila mahali, kwa mpangilio wa pasipoti.

Ng' na alama nyingine. Mashine ya pasipoti haisomi ile alama ya juu: jina lenye ng' hutokea kama NG tu. Kwenye fomu za mtandaoni zinazokataa alama hiyo, andika kama mistari ya chini ya pasipoti inavyoandika. Usiweke nafasi katikati kuziba pengo. Utakuwa umetengeneza majina mawili.

Tarehe ya kuzaliwa. 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa wengi na tarehe 4 Machi kwa Wamarekani. Popote unapoandika kwa mkono, andika mwezi kwa herufi.

Namba ya pasipoti. Ukihuisha pasipoti ya mtoto baada ya kupata cheti, namba inabadilika. Omba cheti kirekebishwe. Ikishindikana, beba pasipoti ya zamani pamoja na mpya.

Usirekebishe kitu chochote mwenyewe kwa kalamu. Kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, kufuta au kubadili chochote kwenye kadi ya njano kunaweza kukibatilisha cheti chote. Herufi moja uliyoongeza kwa nia njema inakupa kadi isiyo na thamani.

Ukimaliza, soma majina kwa sauti kutoka kila karatasi huku mtu mwingine akifuata kwenye pasipoti. Macho ya mzazi hurekebisha makosa ya jina la mwanawe bila yeye kujua; ya mtu mwingine hayafanyi hivyo.

## Hatua ya 4: Chanjo huhesabiwa kwa kurudi nyuma

Weka siku ya kuingia nchi ya kwanza kama siku ya mwisho, kisha rudi nyuma. Tuseme mnatua tarehe 20 Agosti.

Homa ya manjano: cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya chanjo. Mtoto aliyechanjwa tarehe 10 Agosti yupo ukingoni. Aliyechanjwa tarehe 12 amechelewa, na hakuna mhuri utakaomsaidia. Lenga Julai.

UVIKO-19: pale ambapo kanuni ilitaka dozi mbili na siku 14 baada ya ya pili, chanjo ya Pfizer yenye nafasi ya siku 21 kati ya dozi ilihitaji siku 35 kwa ujumla. Kurudi nyuma kutoka tarehe 20 Agosti, dozi ya kwanza ilipaswa kutolewa tarehe 16 Julai na ya pili tarehe 6 Agosti, bila siku hata moja ya mafua katikati. Ongeza siku 7 za akiba. Watoto hupata homa siku ya miadi kana kwamba wamepanga.

Polio: kwa nchi ambazo Shirika la Afya Duniani limezipa masharti, wakazi na waliokaa zaidi ya wiki 4 hutakiwa kupata dozi kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya kuondoka, nayo iandikwe kwenye kadi ya njano. Dozi za utotoni zilizomo kwenye kadi ya kliniki hazitoshi kama zimepita miezi 12.

Kitu ambacho wazazi huambiwa wakiwa wameshachelewa: chanjo mbili zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, hutolewa siku moja au hutenganishwa kwa angalau wiki 4. Mtoto aliyepata chanjo ya surua wiki iliyopita anaweza kurudishwa nyumbani na kliniki ya safari. Beba kadi ya kliniki siku ya kwanza unapokwenda kuuliza.

Mtoto aliye chini ya miezi 9 kwa kawaida hapewi chanjo ya homa ya manjano, na aliye chini ya miezi 6 hapaswi kupewa kabisa. Kama kuna sababu ya kitabibu ya kutomchanja mtoto mkubwa zaidi, daktari aandike sababu zake kwa Kiingereza au Kifaransa. Fahamu kwamba barua hiyo huzingatiwa, haimlazimishi ofisa. Nchi inaweza bado kumweka mtoto chini ya uangalizi, kwa hiyo iulize kwa maandishi kabla ya kununua tiketi.

## Hatua ya 5: Kagua kadi ya njano kabla ya kutoka mlangoni

Usiikunje uondoke. Simama hapo hapo kliniki, uipitie:

1. Kila mtoto ana kadi yake. Vyeti hivi ni vya mtu mmoja mmoja. Mtoto hawezi kuandikwa kwenye kadi ya mama.
2. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na uraia vimejazwa.
3. Imejazwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Lugha nyingine inaweza kuongezwa, haiwezi kuchukua nafasi yake.
4. Tarehe ina mwezi ulioandikwa kwa herufi.
5. Jina la chanjo, mtengenezaji na namba ya toleo vipo.
6. Saini ya mkono ya mtoa huduma ipo, na mhuri wa kituo upo. Mhuri hauchukui nafasi ya saini.
7. Sehemu ya saini ya mwenye kadi ina saini ya mzazi au mlezi, kama mtoto hajui kuandika.

Namba 7 ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mahali pakiachwa wazi, cheti hakijakamilika, na cheti kisichokamilika kinaweza kukataliwa.

Kadi ya homa ya manjano hudumu maisha yote ya aliyechanjwa. Mabadiliko hayo yalianza kutumika tarehe 11 Julai 2016 na yanahusu hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Usimchanje mtoto upya kwa sababu mtu amekuambia kadi yake imekwisha.

Usiifunge kwa plastiki ya moto. Dozi nyingine haitaandikika tena, na ofisa hataweza kuona vizuri kama mhuri ni wa wino au wa picha.

## Hatua ya 6: Kipimo na hesabu ya saa

Kanuni inaposema "saa 72", jiulize maswali mawili: saa 72 kuanzia lini, na hadi lini?

Mwanzo karibu kila mara ni pale sampuli ilipochukuliwa, si majibu yalipotoka. Mwisho ndio hutofautiana. Nchi nyingine huhesabu hadi ndege ya kwanza inapoondoka, nyingine hadi ndege ya mwisho inapoondoka, nyingine hadi kutua.

Chukua safari hii. Ndege ya kwanza inaondoka Ijumaa 23:40. Ya pili inaondoka Jumamosi 14:00 na kutua 20:30. Kwa hesabu ya ndege ya kwanza, sampuli inaweza kuchukuliwa kuanzia Jumanne 23:40. Kwa hesabu ya kutua, ni kuanzia Jumatano 20:30. Tofauti ni takriban saa 21, na ndani ya saa hizo ndimo familia hukwama. Pima Alhamisi asubuhi na mapema: unatimiza hesabu zote, na maabara inayotoa majibu ndani ya saa 24 bado inakuachia Ijumaa nzima.

Kanuni ikitaka kipimo cha haraka cha antijeni cha saa 24 kabla ya kutua, safari hiyo hiyo inakulazimisha kupima baada ya Ijumaa 20:30, yaani uwanjani. Kama nchi inaruhusu kuchagua, chagua PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi.

Kuna nchi zinazohesabu siku badala ya saa. Marekani kuanzia Desemba 2021 hadi Juni 2022 ilitaka kipimo kisichozidi siku 1 kabla ya ndege. Aliyesafiri Ijumaa usiku aliweza kupima Alhamisi saa yoyote. Soma neno kwa neno.

Onyo kuhusu saa. Karani akikuuliza mtoto amepimwa saa ngapi nawe ukajibu "saa mbili", kwenye fomu inaweza kuandikwa 02:00 wakati sampuli ilichukuliwa 08:00. Umepoteza saa 6 kwa neno moja. Taja na usome saa kwa mtindo wa saa 24. Pia saa iliyoandikwa ni ya mahali mlipopimwa. Mkivuka majira, geuza kwanza ndipo uhesabu.

### Siku ya kupima yenyewe

Msafishe mtoto pua kabla ya kuingia. Mketishe mapajani, mgongo wake ukigusa kifua chako, mkono wako mmoja ukizunguka mikono yake na mwingine ukishika paji la uso. Ukimwachia kichwa, atageuka, kijiti kitagusa pembeni, na sampuli inaweza kurudi haisomeki. Hapo unaanza upya huku saa zinakwenda.

Vipimo vya mate ni rahisi kwa watoto, ila huhitaji kukaa bila kula wala kunywa kwa dakika kama 30, na baadhi ya nchi hazivitambui. Hakikisha kanuni inakitaja kwanza.

Mnapopima watoto zaidi ya mmoja, tazama kibandiko kikibandikwa kwenye kila chupa kabla mtoto anayefuata hajaketi. Sampuli za ndugu zikibadilishana hakuna atakayegundua, hadi mmoja akutwe na maambukizi na asiye nayo azuiwe.

Majibu yawe na: majina kama ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, aina ya kipimo, tarehe na saa ya kuchukua sampuli, matokeo, jina na mawasiliano ya maabara. Ikikosekana saa ya sampuli, irudishe siku hiyo hiyo.

### Mtoto aliyepona karibuni

PCR inaweza kuendelea kuonyesha maambukizi kwa wiki nyingi baada ya mtoto kupona kabisa. Usimpime tena na tena ukitumaini kubahatika. Uliza kama nchi inakubali cheti cha kupona. Marekani ilikubali majibu ya maambukizi ya ndani ya siku 90 pamoja na barua ya daktari ya kuruhusu safari. Cheti cha Umoja wa Ulaya kilihesabiwa kuanzia siku ya 11 hadi ya 180 baada ya kipimo cha kwanza. Karatasi ile yenye neno la maambukizi, ambayo wengi huitupa kwa hasira, ndiyo inayosafirisha mtoto.

## Hatua ya 7: Fomu za mtandaoni

Fomu za afya za abiria mara nyingi hufunguliwa saa 48 au 72 kabla ya kufika, si mapema. Kuna mifumo inayomruhusu mzazi kuwaongeza watoto kwenye fomu yake, na kuna inayotaka kila mtoto awe na yake. Angalia kabla, kwa sababu ile ya pili mara nyingi inakataa barua pepe moja kutumika mara mbili. Fungua anwani za ziada wiki moja mapema.

Fomu nyingine huuliza namba ya kiti. Kwa mtoto wa mapajani andika ya mzazi anayembeba. Kisha hesabu misimbo ya QR uliyopokea na uilinganishe na idadi ya pasipoti. Ikipungua mmoja, mtoto fulani hakusajiliwa, hata kama ukurasa ulikupongeza. Hifadhi kila msimbo kama picha kwenye simu na uuchapishe. Intaneti ya uwanjani si ya kutegemewa, na simu moja iliyozima hutosha kuizuia familia nzima.

## Hatua ya 8: Barua ya ridhaa

Mzazi mmoja akisafiri peke yake, au mtoto akisafiri na shangazi au bibi, barua iseme mambo mawili: kwamba mtoto aruhusiwe kusafiri, na kwamba anayeandamana naye aruhusiwe kuridhia kipimo, matibabu na karantini. Barua nyingi husema la kwanza tu. Ithibitishwe na wakili, iwe na simu za mzazi aliyebaki, na iambatane na nakala ya kitambulisho chake.

## Hatua ya 9: Panga folda na pita kaunta

Kwa kila mtoto: pasipoti, majibu ya kipimo, cheti cha chanjo, fomu yenye QR, kadi ya njano, cheti cha kuzaliwa, barua. Nyuma kabisa weka ile kanuni uliyoichapisha, na mstari unaotaja umri upigwe rangi. Tengeneza nakala seti mbili: moja kwenye mzigo wa mkononi wa mtu mzima mwingine, moja kwenye barua pepe. Usiweke hata karatasi moja kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Fikeni saa 3 kabla. Nyaraka za afya zinapokaguliwa, usajili wa mtandaoni mara nyingi haukamiliki, na mhudumu hana haraka: shirika linaloleta abiria asiyekubalika kwa kawaida hubeba gharama ya kumrudisha.

Mhudumu akisema mtoto hawezi kupanda, usibishane kuhusu afya yake. Uliza ni sharti lipi hasa, na la nchi ipi kati ya mtakazopitia. Mwombe asome tena kipengele cha umri kwenye Timatic, ukimwonyesha tarehe ya kuzaliwa. Hapo ndipo makosa ya kaunta hupatikana, kwa kuwa yeye husoma sharti la mtu mzima kwanza. Akishikilia, mwombe msimamizi, na uamuzi uandikwe. Bila maandishi hayo, kudai fedha za tiketi baadaye ni kazi ngumu.

## Hatua ya 10: Mtoto akikutwa na maambukizi, na safari ya kurudi

Amueni nyumbani, kabla ya kuondoka, nani atabaki na mtoto na nani ataendelea na wengine. Kwa kawaida mtoto hawekwi karantini peke yake, lakini familia nzima inaweza kuzuiwa pamoja naye. Angalia pia hali ya kinyume: wazazi waliochanjwa wanasamehewa karantini, mtoto ambaye umri wake haumruhusu kuchanjwa hasamehewi. Zipo nchi zilizompa mtoto hadhi ya mzazi wake na zipo ambazo hazikufanya hivyo.

Bima isomwe kwa swali moja: inalipa malazi na tiketi mpya mtoto akizuiwa akiwa hana dalili? Bima nyingi hulipa matibabu tu. Beba dawa zake za kila siku za siku 14 zaidi ya safari, kwenye mzigo wa mkononi, na cheti cha daktari.

Miadi ya kipimo cha kurudi iwekwe kabla hamjaondoka nyumbani, kwenye maabara inayokubali watoto wadogo. Si zote hukubali, na zinazokubali hujaa mwisho wa likizo za shule. Uliza umri wa chini wanaopima, muda wa majibu siku za wikendi, na kama watakupa karatasi yenye namba ya pasipoti. Kisha rudi kwenye jedwali la Hatua ya 2 na usome safu ya mwisho, ile ya tarehe ya kurudi.